Mashimo matatu ya kwanza nakuwa sawa mbao: nipashe mwili moto namna gani mbele ya golf?

"Mama kine, wewe mwenye kutunza mugongo na viungo, jambo. Niko na miaka 52, nafanya kazi ya biro kwa kampuni moja ya mine, nakaa Kipushi. Golf nilianza kama miaka mbili hivi, nacheza kila siku ya posho asubui hapa Lubumbashi. Shida yangu ni hii, mashimo matatu ya kwanza naharibu kabisa, mupira unaenda kuume, mwili uko mugumu sawa mbao, kisha kwa shimo la ine ao la tano hivi njo naanza kuwa mutu. Na siku ya mungu mugongo unaniuma huku chini, kutoka kitandani ni kazi. Rafiki moja aliniambia nifanye eshofma, yaani kupasha mwili moto, basi nikawa nainama, nagusa vidole vya miguu, nashikilia dakika moja, mara tatu, kisha natoa draiva, ile fimbo ndefu, napiga. Mugongo ukazidi. Mwengine anasema kunyoosha kunapunguza nguvu ya musuli, niache. Wa tatu anasema nimeze diclofenac moja mbele ya kuanza, eti yeye njo anafanya na hana shida. Na kedi, wale wenye kutubebea masaki, wananicheka nikianza kujinyonga-nyonga pale. Je, hii mambo iko ya maprofesionali tu ao na sisi wa siku ya posho inatuhusu? Na ikiwa inatuhusu, dakika ngapi? Juu mara mingi nafika zimebakia dakika kumi tu."

Papa yangu, aksanti kwa swali, na aksanti zaidi juu umeeleza kila kitu, wengi wananiandikia tu "mugongo unauma, dawa gani?" na mimi nabakia kubahatisha.

Mbele ya yote nikuonyeshe kitu umeandika mwenyewe bila kukiona. Umesema kwa shimo la ine njo unaanza kuwa mutu. Sasa kutoka ti ya kwanza (fasi ya kuanzia kupiga) mpaka shimo la ine umefanya nini? Umetembea zaidi ya kilometa, umepanda umeshuka, umezungusha mwili mara kumi na tano ao makumi mbili, jasho kidogo limetoka. Ile njo eshofma, papa! Wewe unaifanya kila siku ya posho, sema unaifanya ndani ya mechi, huku kila pigo linaandikwa kwa karti, na mugongo njo unalipa bili. Kwa hiyo swali haiko tena kama uifanye ao usiifanye, swali ni uifanye wapi, na kwa namna gani ambayo haitakuvunja.

Na kitu kimoja tukitoe njiani haraka. Kuinama kugusa vidole siyo kupasha mwili moto. Watu wengi wanachanganya, hata wale wanafanya spoti tangu utoto. Kupasha moto ni kupasha moto kweli-kweli, joto la musuli linapanda. Ukiinama ukabakia pale dakika moja huku baridi ya mwezi wa saba inakupiga kwa shingo, hakuna kitu kimepata moto, umevuta tu kamba ya baridi.

Angalia chupa ya mawese kwa jikoni wakati wa kiangazi, ile asubui ya mwezi wa sita ao wa saba huku kwetu. Mafuta imeshikana, ukiinamisha chupa inatoka kwa shida, nusu maji nusu mawe. Uweke chupa karibu na mbabula dakika chache, inaanza kutiririka. Hakuna kitu kimebadilika ndani ya mafuta, ni joto tu. Mwili nao ni karibu vile. Musuli wenye kupumzika uko na joto chini ya ile digri 37 ya ndani ya mwili, na mikono na miguu njo inapoa zaidi. Ukiwa wa baridi unajikunja pole, unaachia pole, na ujumbe unatoka kwa ubongo kufika kwa musuli nao unachelewa kidogo. Ukianza kutembea na nguvu, joto la musuli linapanda haraka ndani ya dakika tatu mpaka tano za kwanza, kisha linaendelea kupanda polepole mpaka kama dakika kumi ao makumi mbili. Kila digri moja yenye kuongezeka inaongeza nguvu ya haraka kwa asilimia chache, na golf ni nguvu ya haraka tupu, swingi moja, yaani kuzungusha fimbo mara moja, haifiki hata sekunde mbili. Na ule ute wa ndani ya viungo nao unakuwa mwepesi ukitembea. Sisi tuko kama meta 1200 juu ya bahari, asubui ya kiangazi inakuwa ya baridi kweli, wewe unatoka nyumbani na giza na triko mbili, kisha unataka mwili ufungue draiva. Mawese imeshikana, papa.

Hiyo ni musuli. Lakini mugongo uko na mambo yake tofauti, na hapa njo nataka unisikilize vizuri juu njo penye kosa lako kubwa limekaa.

Katikati ya mifupa ya uti wa mugongo kuko vile vitu tunaita diski, sawa mito midogo. Muchana tukisimama na kukaa, uzito unaikamua, maji yanatoka. Usiku tukilala inavuta maji inajaa tena, sawa maharagi yenye kulala ndani ya sufuria. Njo maana asubui mutu mzima anakuwa murefu kidogo kuliko mangaribi, sentimeta moja hivi ao hata mbili. Diski yenye kujaa inakuwa ngumu, imekazana, na ukiinama saa ile mukazo wenye inapata unakuwa mukubwa mara mingi kuliko ukiinama vilevile muchana. Sehemu kubwa ya yale maji inatoka ndani ya saa moja ya kwanza ukishalamuka na kusimama. Sasa hesabu siku yako: unalamuka saa kumi na moja, unaoga, unaingia ndani ya mutuka, kutoka Kipushi ni kilometa kama makumi tatu na barabara unaijua, unakaa umejikunja, yaani mugongo haujasimama sana bado. Unashuka kwa parking. Na kitu cha kwanza unafanya, unainama mpaka chini, miguu imenyooka, unashikilia dakika moja, mara tatu. Ukiniambia nichague zoezi baya kuliko yote kwa mutu mwenye mugongo wa kuuma, saa ile ya asubui, ningechagua lile lile. Haiko kosa lako, kwa masomo walitufundisha sisi wote vile, mwalimu wa jimu alikuwa anahesabu na filimbi.

Kisha unatoa draiva, fimbo ndefu kuliko zote, na unaizungusha na nguvu yote. Walishapima ndani ya maabara ule mukandamizo wenye kufika chini ya mugongo wakati wa swingi, wakakuta unaweza kufika karibu mara 8 ya uzito wa mutu. Mutu wa kilo 80, piga hesabu mwenyewe. Na mbaya zaidi, ile sehemu ya chini ya mugongo haikuumbwa kwa kuzunguka. Mifupa yake mitano, kila moja inazunguka digri moja ao mbili tu, basi. Kuzunguka kwenyewe kunapaswa kutoka kwa nyonga na kwa mugongo wa juu, huku kwenye mbavu. Sasa mutu wa biro, masaa nane kwa kiti, nyonga zimeshika kutu, kifua kimejikunja juu ya klavie. Unajua mulango wenye sharnieri imeshika kutu, ukisukuma kwa nguvu sharnieri haizunguki, ni mbao njo inapasuka. Mugongo wako wa chini njo ile mbao. Kwa hiyo mbele ya kucheza tunatia mafuta kwa sharnieri, yaani nyonga na kifua, ule mugongo wa chini tunauacha kwanza.

Sasa rafiki yako wa pili, yule wa "kunyoosha kunapunguza nguvu". Iko na haki nusu. Mwaka 2009 huko Marekani walichukua vijana wenye kucheza golf ya kushindana, wakawanyoosha musuli wakiwa wametulia, muda murefu, kisha wakawapigisha draiva. Mbio ya fimbo ilishuka kama asilimia 4, mupira ukaenda karibu, na hata kulenga kukaharibika. Lakini sikia, ile ilikuwa kunyoosha kwa muda murefu, kama dakika makumi mbili nzima, na nyuma yake hakuna kutembea-tembea kwa kutosha. Ukinyoosha musuli sekunde 15 ao 20 kisha ukaendelea na mazoezi ya kusogea, nguvu yenye inapotea ni kidogo sana, hautaiona. Kwa hiyo kunyoosha siyo sumu. Kunyoosha nyonga na musuli wa nyuma ya paja ni kazi nzuri ya mangaribi, mbele ya televizio, ukiwa umeshapata moto na hakuna haraka. Asubui kwa ti tunasogeza.

Wa tatu, yule wa diclofenac, huyu njo ananitia hasira kidogo, siyo yeye kama mutu lakini ile tabia, juu huku kwetu inanunuliwa kwa farmasi sawa pipi. Diclofenac haipashe kitu moto. Inazima alarme. Maumivu yanakuambia "usiende mbali hapa", wewe unakata waya, kisha unaenda mbali. Na ukiizoea kila wiki, tumbo linaweza kutoka vidonda mpaka damu, figo zinachoka (zaidi mutu akicheza masaa ine juani bila kunywa maji), na tansion inapanda, na kwa moyo nayo iko na hatari yake. Mutu wa miaka 52 mwenye hajapima tansion tangu mwaka jana hapaswi kumeza ile kitu juu rafiki amesema. Kama munganga alikuandikia kwa sababu fulani, hiyo ni habari ingine, ongea naye. Pomade ya kupaka yenye kuwaka nayo, inapasha ngozi, musuli wa ndani haijui hata kama umepaka.

Basi tufanye nini na zile dakika kumi zako. Nakuandikia sawa vile ninafanyisha watu wangu, hauhitaji kapeti wala elastiki, fimbo mbili tu.

Kazi inaanza nyumbani. Ukilamuka usiiname, viatu vifunge umeweka muguu juu ya kiti, tembea ndani ya parseli huku chai inachemka. Ukifika, saki usiitoe kwa kofa umejinyonga, mwachie kedi aitoe ao ivute kwanza karibu na mwili, geuka na miguu yako yote mbili. Triko usivue. Wengi wanavua triko kwa parking juu ya shati mupya ionekane, lakini triko njo inakulindia moto.

Dakika tatu za kwanza ni kutembea. Siyo kutembea ya kwenda kusalimia watu, kutembea ya mutu mwenye bisi inamuacha, mikono inaenda mbele na nyuma, mpaka pumzi ibadilike kidogo lakini bado unaweza kuongea. Kama kuko ngazi ama kamulima, panda shuka mara kadhaa. Hizi dakika tatu njo watu wanaruka juu zinaonekana za bure, na njo za lazima kuliko zote, ukiwa na dakika tatu tu duniani ufanye hii basi.

Kisha nyonga, dakika mbili tatu. Simika fimbo chini uishike sawa muzee na bakora, muguu moja utupe mbele na nyuma kama saa ya ukuta, mara kumi, kisha ukatize mbele ya mwili, kushoto kuume, mara kumi, kisha muguu wa pili. Usitupe kwa hasira, uanze kidogo uongeze. Nyuma yake jikunje magoti nusu, kama unataka kukaa kwa kiti na unakumbuka ni kichafu, mara nane. Magoti yakilia kwaa-kwaa bila kuuma, yaache yalie.

Kisha kifua. Weka fimbo juu ya mabega, mikono imekatana kwa kifua, simama sawa unataka kupiga mupira, zunguka polepole kuume, rudi, kushoto. Kumi kila upande, kila mara uende mbali kidogo kuliko ya nyuma. Na kisigino kiachie kinyanyuke! Hii naisema na nguvu, juu kuko watu wamesikia kwamba miguu inapaswa kubakia chini sawa imepigwa misumari. Kisigino cha kushoto kikinyanyuka wakati unazunguka nyuma (kwa mutu wa mukono wa kuume), nyonga inazunguka, mugongo wa chini unapumua. Zungusha mabega, zungusha vikunjo vya mikono, funga fungua vidole, vile vya asubui vinakuwaga sawa fimbo zenyewe.

Dakika za mwisho ni swingi bila mupira. Shika feri mbili (zile fimbo za kichwa cha chuma) pamoja, uziyumbishe nusu-nusu, pole, usikie uzito. Kisha fimbo moja, robo tatu. Kisha piga na upande wako mubaya, sawa mutu wa mukono wa kushoto, mara tano sita, utaonekana mujinga lakini mugongo wenye kuzungushwa upande moja tu mara hamsini utafurahi. Mwisho tatu za mbio kamili. Basi, umemaliza, na haukuinama hata mara moja.

Kwa ti ya kwanza draiva ibakie ndani ya saki. Piga na fimbo unaiamini, feri ao ile fimbo tunaita mbao ndogo, utapoteza meta makumi tatu ao ine lakini utakuwa kwenye majani, siyo ndani ya miti kuume. Na nyuma ya kupasha moto usikae kunywa kahawa dakika makumi mbili, joto linaanza kutoroka, kwa baridi ya mwezi wa saba dakika kama kumi na tano linakuwa limeenda. Kama mbele yenu kuko kundi lenye kuchelewa, endelea kutembea, zunguka-zunguka na fimbo, hakuna mutu atakukataza. Hata sheria za golf hazina shida na swingi ya hewa. Siku ya mashindano ya kuhesabu mapigo, mbele ya raundi haupaswi kwenda kufanya mazoezi ya mupira kule ndani ya uwanja, sema kupati (kusukuma mupira polepole uende ndani ya shimo) na kuchipu (kupiga kafupi) karibu na ti ya kwanza inaruhusiwa, na fasi ya mazoezi inaruhusiwa. Ile tu ujue, ukifika kwa ti umechelewa mpaka dakika tano unaongezewa mapigo mawili, zaidi ya pale unaondolewa, kwa hiyo dakika za kupasha moto usizikate kwa zile za mwisho, zikate kwa zile za usingizi.

Umetaja raundi, haukutaja kwenda kupiga mipira ya mazoezi, lakini naomba niguse pale juu wagonjwa wangu wengi wa golf wanaumiaga pale kuliko kwa raundi. Fikiria, mutu mwenye kumaliza na mapigo 95, toa yale ya kupati, toa ya kuchipu, swingi kamili zinabakia kama 40 ao 50 ndani ya masaa ine, katikati ya kila moja anatembea. Sasa anaenda kununua mipira 100, anaipiga ndani ya dakika makumi ine, draiva, draiva, draiva, hapumziki, anaokota moja anapiga ingine. Ile ni kama raundi mbili zimekamuliwa kuwa moja, bila kutembea, upande ule ule. Kama unaenda mbele ya raundi, mipira makumi mbili inatosha kabisa: sita saba na weji (fimbo fupi ya kupiga karibu), nusu swingi, kisha feri 7, kisha draiva tatu ine, kisha umalize na ile fimbo utaanza nayo. Kama unaenda kujifunza tu, sawa, piga 60, lakini kila kumi weka fimbo chini, tembea, geuka upande mwengine. Na uanze na zile dakika za kutembea vilevile, mipira ya kwanza haiko eshofma, ni mipira tu.

Maprofesionali tu? Hapana. Tena niseme kinyume, wao wanaweza kuikosa siku moja mwili ukawasamehe, wewe hapana. Mutu mwenye kusukuma kinga na masaki ya makala tangu saa tisa ya usiku, ukimupa fimbo saa moja ya asubui, yeye yuko tayari, mwili unawaka. Wewe wa kiti njo unaihitaji. Huko Ostralia mwaka 2001 walitazama wachezaji wa kawaida zaidi ya 1000, kidogo tu kupita nusu njo walifanya kitu chochote mbele ya kuanza, na wengi wa wale ni kupiga hewa mara mbili tatu pale kwa ti, basi. Kwa hiyo hauko peke yako. Na nikuambie ukweli wote: kwamba kupasha moto kunafanya upige vizuri zaidi, ushahidi uko wa kutosha. Kwamba kunazuia kuumia, ushahidi ni mudogo kuliko vile sisi makine tunapenda kusema. Mimi nafikiri inasaidia, nimeona mingi kwa watu wangu, lakini siwezi kukuapia.

Kedi wanacheka, waache. Siku moja nenda Kamalondo mapema mbele ya mechi ya Mazembe uangalie, wale vijana wa miaka makumi mbili wanakimbia, wanaruka, wanatupa miguu karibu nusu saa, hakuna mutu kwa tribini anacheka. Na kwa golf yenyewe kuko Miguel Ángel Jiménez wa Hispania, mwanaume wa tumbo na sigara, watu wamemucheka dunia nzima juu ya vile anakata nyonga na kuzungusha magoti mbele ya kucheza, sawa anacheza ndombolo, na mwaka 2014 alishinda Open ya nchi yake akiwa na miaka 50. Sam Snead alishinda kwa Greensboro mwaka 1965 akiwa na miaka 52, ile ile yako. (Sisemi utashinda, papa, nasema umri haiko sababu ya kuwa mbao.)

Kitu chenye kupasha moto hakitafanya: hakitanyoosha mupira wenye kwenda kuume. Kama kwa shimo la kumi, mwili ukiwa moto, mupira unaenda kuume vilevile, ile ni ya mwalimu wa golf, mwonyeshe swingi. Na kama siku ya mungu mugongo unaendelea kuuma hata umefanya haya yote, basi dakika kumi hazitoshi, kunapaswa kazi ya wiki nzima, kutembea kila siku, kulegeza nyonga, kukaza musuli wa tumbo na wa mugongo, na kusimama kwa biro kila nusu saa. Ile njo dawa yenyewe, na haiko tamu.

Sasa mambo yenye hayangojee maandishi yangu. Maumivu yakishuka kwa muguu mpaka chini ya goti, ao muguu unakufa ganzi, ao kidole kikubwa ao kanyagio ya muguu haina nguvu, acha golf, nenda kwa munganga wiki ile ile. Ukikosa kuzuia mukojo ao choo, ama mukojo unakataa kutoka, ama ganzi inashika katikati ya mapaja, fasi mutu anakalia tandiko la kinga, usingoje kesho, nenda lopitali siku ile, hata usiku, kuko mishipa inakandamizwa na masaa yanahesabika. Mugongo wenye kukuuma usiku hata umelala umetulia, pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, huo siyo wa golf; huku kwetu kifua kikuu kinaingiaga mpaka ndani ya mifupa ya mugongo, na nimeona watu wanapakwa pomade miezi sita juu yake. Na ukipanda kamulima kifua kinakaza ao pumzi inakata, moyo uangaliwe mbele ya fimbo. Hata bila dalili yoyote, ukienda kwa pharmacie kuuliza ile diclofenac, uwaombe wakupime tansion, na uache diclofenac pale.

Kama hakuna hata moja ya hizo, fanya sawa nilivyosema wiki ine mpaka sita. Isipobadilika, uje tukuone, tuangalie nyonga zinazunguka namna gani, kwa maandishi siwezi kuziona.

Na ile siku utafika zimebakia dakika tano, juu barabara ya Kipushi naijua: tatu za kutembea, moja ya kutupa miguu, moja ya kuzungusha kifua, kisha feri 7. Siku ya posho yenye kuja draiva uiache ndani ya saki mpaka shimo la ine, kisha siku ya mungu asubui, mbele hata ya kuenda kusali, uniandikie vile umetoka kitandani.